Picha 14 za maonesho, bajeti laki mbili, fremu nifanyeje?

mchoraji_mbagala: Wakuu habari za saa hizi. Nimepata nafasi ya kuonesha kazi zangu hapa Dar mwezi ujao, mara ya kwanza katika maisha yangu, na usingizi sipati kwa sababu ya fremu. Nina picha 14, 9 ni kanvasi za sentimita 60 kwa 60 zimeshavutwa kwenye mbao, 5 ni rangi ya maji kwenye karatasi A3. Duka moja mjini wameniambia elfu 45 kila moja, nikapiga hesabu inakuja laki sita na elfu thelathini, na mimi mfukoni nina laki mbili tu, na hiyo nimekusanya kwa kuchora ukuta wa nasari ya mtaani kwetu. Naombeni mawazo jamani, sitaki kazi zionekane za ovyo.

fundi_randa: Mkuu hongera kwanza. Pili usirudi huko dukani. Kanvasi haihitaji kioo wala fremu ya nakshi, inahitaji kijiti safi pembeni basi. Nenda Keko kwa mafundi wa mbao, mwambie akupasulie vijiti vya msonobari unene nusu inchi, upana uzidi kidogo ubavu wa kanvasi yako, avipige randa. Kijiti cha futi 12 kinatoa vipande vitano vya sentimita 65, wewe unataka vipande 36, kwa hiyo vijiti 8 vinakutosha na vinabaki vipande vinne vya akiba ukikosea. Unavipigilia moja kwa moja ubavuni mwa kanvasi kwa misumari midogo, viwili vinakuwa sawa na picha na viwili vinazidi kidogo vifunike kona, hapo huhitaji hata ile kukata pembe ya 45 inayowatesa watu. Ila angalia mbao iwe kavu!! Mbao mbichi ukiipigilia leo wiki ya pili imepinda na kona zimeachana, na ukiona vitundu vidogo vyenye unga unga hiyo imeliwa na bungua, iache hapo hapo.

mchoraji_mbagala: Asante sana kiongozi, hiyo ya vijiti sikuwahi kuifikiria kabisa. Na zile za karatasi?

dada_kanvasi: Za karatasi ndo hela yako iende huko mdogo wangu, usibane. Karatasi bila kioo kwa unyevu wa Dar haifiki mbali, inajikunja, inashika madoa. Tengeneza fremu 5 saizi moja, tuseme 40 kwa 52, ili A3 ipate nafasi ya sentimita 5 kila upande, vioo vya milimita 3 nunua kwa fundi wa vioo akukatie vyote kwa mkupuo, nyuma weka hadibodi. Sasa sikiliza hapa, picha ISIGUSE KIOO. Kata kadi nene nyeupe kama dirisha uiweke katikati, maana joto likipanda kioo kinatoa jasho na rangi ya maji inanata pale, ukija kuitoa inabaki nusu. Mimi nimepoteza picha ya mama yangu hivyo, mpaka leo naumia. Na selotepu usiiweke kwenye kazi, inageuka njano na haitoki. Ishike kwa juu tu na vipande viwili vya karatasi nyepesi na gundi ya unga wa ngano, huko chini iache ipumue.

mzee_wa_rangi: Naongezea kidogo kijana wangu. Kabla hujanunua chochote waulize wenye ukumbi wananing'inizaje, kama ni misumari au waya kutoka juu, na kama wana fremu za kuazimisha, kuna kumbi zinakuwa nazo stoo na hakuna anayeuliza. Pia kanvasi zingine mnunuzi mgeni atataka uitoe kwenye mbao aikunje aweke kwenye begi, picha nyingi za mtindo wa Tingatinga zinaondoka nchini hivyo, kwa hiyo fremu ghali ingebaki kwako. Mzee Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo huo, alianza 1968 akichorea kwenye hadibodi kwa rangi ya mafuta ya madukani, na kazi hizo leo watu wanazitafuta.

mchoraji_mbagala: Nimerudi wakuu. Vijiti vyote nane vimepatikana Keko, kuvipasua na randa nimelipa elfu 52, vioo na hadibodi na mbao za zile tano elfu 85. Bado nina elfu 63 ya kadi, misumari, msasa na rangi nyeusi. Nipigilie kwanza ndo nipake rangi au?

fundi_randa: Paka kwanza!! Piga msasa, paka mikono miwili, yaani mara mbili, viache vikauke kabisa usiku kucha, ndo upigilie, ukipaka vikiwa kwenye picha tone moja tu la nyeusi likidondokea kanvasi umeharibu kazi. Na vipete vya kuning'inizia funga robo ya urefu kutoka juu, kwenye mbao za ndani siyo kwenye kijiti, tumia waya, kamba ya manila inalegea picha zinakaa upande.