Mtihani wa usaili wa wikendi nzima bila malipo: ni haki?

BintiLangoni: Waungwana, niko hatua ya tatu ya usaili, kampuni ya Marekani, kazi ya uhandisi wa programu ya kufanyia nyumbani. Wamenipa mtihani: nijenge huduma ya kupokea malipo, na ombi likija mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika, mteja asitozwe mara mbili. Eti "masaa manne tu". Lakini kuandika majaribio ya kuupima msimbo peke yake ni wikendi nzima, silipwi hata ndururu. Ni haki?

Kaskazi: Haki kabisa. Afadhali hivyo kuliko kupindua mti wa bainari, lile fumbo la msimbo la usaili, huku watu watatu wanakutolea macho. Ila dada, kwenye wasifu usiandike Lamu, andika Nairobi. Wakiona kisiwa washajua stima hakuna.

BarobaroShela: Stima hakuna? Kwani wewe uko wapi?

Kaskazi: Malindi.

BarobaroShela: Ahaa. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilipokatika, EASSy na ile nyingine, Seacom nadhani, nyinyi mlikuwa mnavuta intaneti ya hao Waitaliano wenu waliojaa Malindi? Tulikwama sote, hata hiyo Nairobi yako.

MamaMsimbo: Wanangu, swali ni huo mtihani wa malipo. Mimi nimesaili watu. Naangalia kitu kimoja: kila ombi lina namba yake? Likirudi, linapewa jibu lile lile la kwanza? Basi. Binti, masaa manne yakiisha acha, uwaandikie kilichobaki.

Kaskazi: Shikamoo mama. Lakini sikumtukana mtu, nasema soko. GitLab wenyewe, kampuni ya programu ya watu wa kufanyia kazi nyumbani, wameandika peupe kwamba mshahara unategemea unakoishi. Andika Lamu ulipwe Kilamu.

BarobaroShela: Mmarekani gani anayejua Lamu na Nairobi zinatofautiana nini? Kwake yote Kenya. Wewe ndiye unayeona haya.

BintiLangoni: Usaili uliopita ulikuwa saa nne asubuhi ya California, kwangu saa mbili usiku. Punda akalia chini ya dirisha. Muulizaji akataka kujua ni nini kile, nikamwambia ndiyo gari letu. Akacheka, tukaendelea.

Kaskazi: Alicheka. Alama alizokata umeziona?

MamaMsimbo: We Kaskazi, hatua ya tatu anafikaje kama alikatwa?

Kaskazi: Nangoja niuone huo msimbo wenyewe.

BintiLangoni: Njoo uusome. Nitakupokea Mokowe, gatini upande wa bara, na nauli ya boti utatozwa kulingana na unakoishi.