Mjadala: Jibu lako la zamani likipitwa na wakati, una wajibu wa kulirekebisha?

Wakuu, chukulia mtu alijibu swali la PHP (lugha ya kuandikia programu za tovuti) kwenye Stack Overflow, mtandao wa maswali na majibu ya waandishi wa programu, mwaka 2010, akaelekeza watu watumie mysql_query, funksheni ya kuuliza hifadhidata. Siku zile lilikuwa jibu la kawaida. PHP 7 ilipotoka Desemba 2015, funksheni hiyo ikaondolewa kabisa. Jibu bado lipo na kura zake kibao. Anayejifunza leo anakopi, anapesti, inagoma, anadhani mjinga ni yeye.

Mimi nasema aliyeandika ana wajibu wa kurudi. Hakulipwa, sawa, lakini pointi za jibu lile anazipokea mpaka kesho.

Kinachonisumbua ni namna ya kurekebisha. Wapo wanaofuta yote na kuandika upya. Kura zilizopigiwa maneno ya zamani zinahamia kwenye maneno ambayo wapiga kura hawajayaona. Jibu likihaririwa unaruhusiwa kubadili kura yako, ila nani hurudi? Na maoni ya chini yanabaki yakibishana na sentensi ambayo haipo tena! Afadhali maelezo mapya yakae juu, yakitaja tarehe na toleo, ya zamani yabaki chini kwa walio bado kwenye mifumo ya zamani.

Mchangiaji: Mleta mada, sikubaliani nawe. Tarehe imeandikwa pale pale, msomaji aisome. Mwenye jipya aweke jibu lake lipigiwe kura. Tangu 2021 Stack Overflow wameacha kulipachika juu jibu lililokubaliwa na muulizaji, kwa hiyo jipya lina nafasi ya kupanda.

Mleta mada: Litapanda lini, mkuu, wakati linaanzia sifuri? Halafu hapo tunaongelea kodi za programu, ambazo zikikosewa zinagoma ukaona. Chukua huduma ya kwanza. Mwaka 2010 American Heart Association, chama cha Marekani cha masuala ya moyo, walibadili mpangilio: kwa mtu mzima aliyesimama moyo, anza kukandamiza kifua, pumzi zifuate. Jibu la 2008 linaloanza na pumzi linasomeka vizuri tu, halina taa nyekundu. Mtu kaanguka mbele yako, utaanza kukagua tarehe?

Mchangiaji mwingine: Mnawasahau walioacha kuingia, na waliofariki. Stack Overflow, mwenye pointi chini ya 2,000 akihariri jibu la mwenzake, pendekezo lake hupitiwa kwanza. Akizifikisha, anahariri moja kwa moja. Kusahihisha tahajia au kiungo kilichokufa, ruksa. Lakini kugeuza ushauri wenyewe huku jina la mwenyewe likibaki chini yake? Huko ni kumlisha mtu maneno. Weka maoni, basi.

Mleta mada: Hapo nakuunga mkono, mkuu. Ila maoni yanakaa chini ya jibu, na mwenye haraka hafiki huko. Kwa asiyerudi tena, mimi ningetaka onyo likae juu ya jibu, limetiwa saini na aliyeliweka, maneno ya mwenyewe yasiguswe. Anayepinga hilo aje na hoja.