CV nusu ukurasa, na Alhamisi nina intavyuu

Shikamooni wakubwa, na wengine mambo vipi.

Nimekwama naomba msaada. Nina miaka miwili huku ughaibuni na kazi nilizofanya ni mbili tu, miezi minane kwenye ghala la mizigo, halafu miezi mitano nyumba ya wazee zamu za usiku, basi. Kabla ya hapo nilikua shule, na sasa hivi nina miezi sita niko nyumbani na mtoto. CV yangu ni nusu ukurasa na huo nusu wenyewe umejaa mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi chini ya presha. Nimeaplai mpaka nimeacha kuhesabu. Sasa kampuni moja imeniita, kazi ya ofisini ya kupanga ratiba za madereva, intavyuu ni Alhamisi ya wiki ijayo na wamesema niende na CV iliyoboreshwa. Nikiisoma naona aibu, sijui hata wameona nini humu. Jamaa mmoja kaniambia niongezee mwaka kwenye ile kazi ya ghala, ati hawafuatilii. Nifanyeje?

---

Marahaba mdogo wangu. Usiongeze hata siku moja.

Naanza na hilo kwa sababu limenikuta. Mwaka wangu wa kwanza nilimlipa mtu aniandikie CV, ikarudi imependeza kweli kweli, na mimi nimekua "msimamizi wa lojistiki". Kazi yenyewe nilikua nabandika lebo kwenye maboksi. Nikaitwa. Mama aliyekua ananihoji akaisoma, akaniuliza kwa upole tu, asubuhi mtu wako mmoja asipotokea ulikua unafanyaje? Swali jepesi kabisa kwa mtu aliyewahi kusimamia watu. Mimi nikaanza kujiumauma, nikasema inategemea, akauliza inategemea nini, nikasema inategemea na siku. Akafunga faili taratibu na mimi nikajua nimekwisha. Halafu huyo jamaa yako anakudanganya, waajiri wengi wanawasiliana na kazi yako ya zamani kuuliza tarehe na cheo, na ukigundulika hata baada ya kuanza kazi wanaweza kukuondoa.

Tatizo lako mimi silioni kwenye uzoefu mdogo, ninaloliona ni kwamba huo mdogo wenyewe hujauandika. Mchapakazi mwaminifu kila mtu anaandika, hata mwizi. Chukua karatasi ujiulize siku moja pale ghalani ilikua inaendaje tangu unaingia mpaka unatoka, ulishika mashine gani, vitu vingapi kwa zamu, nani alikua anakusubiri umalize ndio na yeye aanze, kitu kikienda kombo nani anaitwa. Mimi wa maboksi mstari wangu ulikua "nilisaidia kazi za ghala". Nilipokaa nao vizuri ukawa hivi: "Nilihakiki na kubandika lebo kwenye vifurushi kama 300 kwa zamu kwa skana ya mkononi, na kutenga vyenye anwani pungufu kabla havijapakiwa." Kazi ni ile ile na hakuna uongo hata chembe, ila sasa msomaji anakuona umesimama pale na skana mkononi. Namba weka ile unayoweza kuitetea ukiulizwa umeipataje.

Na nyumba ya wazee, zamu ya usiku ikiisha si mnaandika ripoti ya makabidhiano? Nani amelala vibaya, nani hajanywa dawa, nani wa kuangaliwa zaidi. Kupanga madereva ni hiyo hiyo, nani katoka, nani kachelewa, mteja gani apigiwe. Ilete juu kabisa. Sijui kwa nini watu wanaona kazi ya kulea wazee ni ya kuficha.

Miezi sita ya mtoto usiifiche wala usiihadithie. Sentensi moja, nilikua na majukumu ya familia na sasa niko tayari, unaendelea mbele.

---

Naunga mkono ya kaka hapo juu, naongeza ya kiufundi kidogo kwa faida ya hayo maombi mengine usiyojibiwa.

Kampuni nyingi kubwa CV yako inaingia kwanza kwenye programu ya kupokea maombi ndio baadae mtu aione, na hizo programu zinapata tabu na majedwali, safu mbili, vile viboksi vya maandishi na namba ya simu iliyofichwa juu kwenye kichwa cha ukurasa. Jaribio ni rahisi, fungua CV, kopi yote, pesti kwenye faili la maandishi matupu. Kama tarehe zimerukia kazi isiyo yake au simu yako haipo, ujue na kule huenda imefika hivo hivo. Ya kwangu ilitoka jina langu liko mwisho kabisa chini ya neno marejeo, nilicheka halafu nikakumbuka nimeshaituma sehemu nyingi hivo hivo nikaacha kucheka.

Tumia maneno ya tangazo lenyewe kama kweli uliwahi kuifanya hiyo kazi. Wakiandika "kupanga ratiba" na wewe uliwahi kupanga zamu za wenzako, andika kupanga ratiba, usitafute neno la kifahari. Picha, umri, ndoa, dini, toa vyote kama uko Uingereza, Marekani au Kanada. Ujerumani bado wengi wanaweka picha ingawa sio lazima. Urefu Marekani kwa mtu wa uzoefu wako ukurasa mmoja, Uingereza hadi miwili. Na cheti chako cha shule kama ni cha nyumbani usidhani wanakielewa, Uingereza kuna UK ENIC, Kanada na Marekani wengi wanatumia WES, wanatoa karatasi inayosema kinalingana na nini cha kule.

---

Jamani CV imeshamwitisha tayari, tuongelee Alhamisi!

Mdogo wangu mimi nimekaa upande wa pili wa meza, nimekua kwenye paneli ya kuhoji mara kadhaa, na watu wetu naona wanaangukia sehemu moja. Wanasema "tuli". Tulipanga, tulitatua, tulihakikisha. Sisi tumelelewa hivo, mtu wa mimi nilifanya mimi nilifanya anaonekana ana majivuno, na tunaambiwa chema chajiuza kibaya chajitembeza. Sasa kwenye kile chumba chema hakijiuzi hata kidogo, wale wana karatasi ya maksi na sehemu ya kujaza ni wewe ulifanya nini. Kuna kijana alitueleza jambo zuri sana na lote likawa tuli tuli tuli, nikamuuliza sasa wewe mwenyewe ulifanya ipi hapo, akasema "aah, tulisaidiana tu". Baadae nikaja kujua yote alifanya yeye. Maksi hakupata.

Maswali mengi yanakuja kwa mtindo wa tuambie siku ambayo ilitokea hivi. Jibu lake lina vipande vinne, hali ilikuaje, ulitakiwa kufanya nini, ULIFANYA nini, ikaishaje, na muda mwingi ule hicho kipande cha tatu. Andaa visa vitano tu vya kweli. Kisa cha usiku mwenzako hakutokea ukabaki peke yako kinajibu swali la presha, la kupanga vipaumbele na la mawasiliano, ni wewe unavyokigeuza. Na uvifanyie mazoezi kwa sauti, kwa lugha utakayohojiwa. Kisa ukikipika kichwani kwa Kiswahili halafu ukitafsiri mbele ya watu kinatoka vipande vipande. Jirekodi kwenye simu, sikiliza, utajichukia, rudia.

---

> Andaa visa vitano

Visa ndiyo, kukariri hapana. Mimi nilikariri neno kwa neno, wakaniuliza swali lingine kabisa na mimi nikajibu lile langu la nyumbani mpaka mwisho. Wakanishukuru. Shika mambo makuu tu, na ukikwama sema naomba sekunde nifikirie, hawakuli. Usiposikia swali kwa sababu ya lafudhi yao omba warudie, kuliko kujibu usichoulizwa.

---

Wakubwa zangu nimerudi, ilikua jana.

Walikua watatu. Swali la kwanza tu, mara ya mwisho mambo mengi yalikujia kwa pamoja ulifanyaje. Nikaanza "tuli..." nikajisikia mwenyewe, nikasimama, nikasema samahani, nilikua peke yangu usiku ule. Nikaeleza kengele mbili zililia kwa wakati mmoja na ya tatu ikafuata, nilikwenda kwanza kwa nani na kwa nini, nani nilimpigia simu, na nilichoandika kwenye ripoti ya asubuhi. Yule wa madereva akaacha kuandika akaniangalia, akasema huku kwetu kila Jumatatu iko hivo. Swali la kompyuta halikwenda vizuri, nikasema programu yao siijui ila ya skana nilijifunza kwa siku mbili, sijui waliipokeaje. La miezi sita waliuliza kweli, nikajibu ile sentensi moja, wakapita.

Leo asubuhi wameandika wanataka refarii wawili, yaani watu wa kunishuhudia kazini, kabla ya kuamua. Wa nyumba ya wazee yupo. Wa ghalani meneja alishaondoka na mimi niliachana nae vizuri lakini sina uhakika kama ananikumbuka. Nimuandike?

---

Hongera mdogo wangu!! Muandike, lakini mtafute kwanza kabla hujatoa namba yake. Mwambie miezi uliyofanya, zamu yako, kazi unayoomba, na umtumie ule mstari wa CV wa kazi yake ili akipigiwa mseme kitu kimoja. Asipopatikana muombe aliyekua kiongozi wa zamu. Ila fanya leo, kesho Jumamosi.