Naomba ushauri: kalamu ya wino TWSBI Eco, nibu (ncha) F (nyembamba) ama EF (nyembamba zaidi) kwa hili joto la Mombasa?

Wajameni habari zenu, mie ni mpenzi wa kalamu za wino na kwa sasa moyo wangu wote uko kwa TWSBI wa Taiwan, hawa watu wametengenezea makampuni mengine kalamu miaka na miaka kabla hawajaanza kutoa zao wenyewe. Eco nayotumia ni ile ya mwili wazi, unaona wino ukicheza ndani, unazungusha kitako tu inavuta wino mwingi kuliko katriji ya kawaida (kile kichupa cha wino cha kubadilisha) kwa mbali, halafu kwa boksi wanakuwekea spana ndogo na grisi ya silikoni uifungue uisafishe mwenyewe! Kampuni ngapi zinamwamini mteja hivyo? Mie hilo ndilo limenimaliza kabisa.

Sasa nauliza, hapa kwetu unyevu ni mwingi hasa msimu wa masika, karatasi inalainika, na nibu yangu ya M (ya kati) wino unatambaa kwenye daftari mpaka herufi zinavimba na upande wa pili haufai tena kuandikwa. Nafundisha Kisauni, naandika kutwa, biro sirudi.

Nataka kuongeza ya pili, je F itatosha ama niende EF moja kwa moja, na haitakwaruza hizi karatasi zetu? Ama tatizo ni wino, kuna yeyote wa pwani ametumia wino mkavu kidogo (usiotiririka sana) kama Pelikan 4001 akaona tofauti? Na daftari gani zinastahimili, za kupatikana hapa mjini, si za kuagizia ng'ambo.