HR anasema kila mwenye neno "meneja" kwenye cheo atoke kwenye hesabu ya chama, hii ni sheria au mbinu?

Karani wa Kurasini

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada kabla ya Ijumaa maana hili jambo limetunyima usingizi.

Nipo kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, jina sitalitaja. Ukimtoa mkurugenzi na wakuu wa idara watatu, ambao hata sisi hatukuwahesabu, watu wa ofisini tunaolipwa kwa mwezi tuko 63. Makao makuu 46, Arusha 9, Mwanza 8. Mshahara mara ya mwisho kupanda ni miaka minne iliyopita. Kwa hiyo tukaanza kujaza zile TUF 6 za kukatwa ada ya chama, mdogomdogo wakati wa chai, wa Arusha wakatuma zao kwa basi ndani ya bahasha, mpaka tukafika 34. Chama kikamwandikia mwajiri kuomba kitambuliwe. Tulifurahi kweli, 34 kati ya 63 si imezidi nusu?

Juzi HR kajibu, kurasa mbili. Anasema watu 19 ni menejimenti, hawaruhusiwi kuwa kwenye kitengo cha majadiliano, yaani lile kundi la wafanyakazi ambalo chama kinalisemea, na kati ya hao 19 kuna 11 waliojaza fomu. Mimi nimo. Mwaka jana walitubadilishia vyeo, nilikuwa karani wa nyaraka nikaamka Meneja Msaidizi wa Nyaraka, nikapewa barua na boksi la bizinesi kadi, mshahara haukugusa hata shilingi mia. Chini yangu hamna mtu. Juzi tu nilitaka kumpeleka mtoto kliniki nikajaza fomu ya ruhusa, kasaini mkuu wa kitengo, kasaini mkuu wa opareshen, halafu HR ndo kapiga muhuri, saa nne nikaambiwa haya nenda. Wengine kwenye ile 19 ni maafisa waandamizi wa forodha, supavaiza wawili, sekretari wa mkurugenzi na dada anayeandaa mishahara.

Halafu mwisho wa barua anasema kampuni ni moja, hivyo madereva na watu wa godauni 27 waingizwe kwenye hesabu. Hao hatujawahi kuongea nao habari za chama hata siku moja.

Naomba kujua, cheo cha kwenye barua kinatosha kukutoa? Nani anaamua? Na kuna wenzangu wananiambia sisi 11 tujitoe ili mambo ya wengine yasikwame. Nijitoe?

Mzee wa Tawi

Usijitoe. Nasema tena usijitoe, na waambie hao wenzako 10 wasiguse fomu zao. Ngoja nikupigie hesabu uone mtego ulipo. Mkijitoa kwa hiari mnabaki na fomu 23, lakini nyie bado ni waajiriwa wa ofisini, kesho HR akibadili maneno akasema haya basi hata wale 19 wahesabiwe, mtakuwa 23 kati ya 63 na hapo hamna chama. Lakini kama ni yeye anayewatoa kwa hoja yake, basi awatoe pande zote mbili, juu na chini. 63 toa 19 ni 44. 34 toa 11 ni 23. Nusu ya 44 ni 22. Bado mmezidi nusu kwa mtu mmoja! Ndo maana akawakimbilia madereva mwisho wa barua, ukurasa wa kwanza haukumtosha.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kifungu cha 9, inamkataza mfanyakazi wa ngazi ya juu ya uongozi kuwa mwanachama wa chama kinachowawakilisha wale wa chini yake hapo kwa mwajiri. Na haikuishia hapo, imesema huyo wa ngazi ya juu ni nani: ni yule ambaye kwa nafasi yake anatunga sera kwa niaba ya mwajiri NA ana mamlaka ya kufunga mkataba wa pamoja, huu tunaouita wa hali bora, kwa niaba ya mwajiri. Hiyo "na" ishike vizuri, ni vitu viwili kwa pamoja. Jiulize wewe, ni sera gani umeitunga? Mkataba wa hali bora ukija, ni wewe utakayesaini upande wa kampuni? Mtu ambaye ruhusa yake ya kliniki inahitaji saini mbili na muhuri hawezi kuwa ndo anaitungia kampuni sera. Hiyo fomu ya ruhusa itoe kopi leo leo. Kila mmoja kati ya 11 atafute karatasi yake, barua ya cheo kipya, salari slipu ya kabla na ya baada, orodha ya majukumu. Supavaiza naye ni hivyohivyo, kupanga zamu siyo kutunga sera.

Kuhusu nani anaamua, siyo HR peke yake. Chama kikishatoa taarifa, mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho. Asipokuja au mkishindwana mnaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa usuluhishi, na ikishindikana huko inapelekwa Mahakama ya Kazi. Mahakama ikitaka inaweza hata kuagiza watu wapige kura. Na nyie mliojaza fomu hamruhusiwi kubaguliwa kwa sababu hiyo, kifungu hichohicho cha 9 kinasema.

Mama Wawili Mbezi

Mimi nilikuwa HR miaka kumi na moja na barua kama hiyo nimewahi kuiandika, kwa hiyo nisikilize vizuri ndugu yangu maana inaniuma mpaka leo. Tulikaa na mwanasheria tukachukua orodha ya wafanyakazi tukatia alama ya njano kwenye majina, siyo kwa kazi zao, kwa nani tumesikia amejaza fomu. Baadaye ndo tukatafuta sababu. Kuna kijana wa stoo tulimwita meneja na funguo za stoo hakuwa nazo.

Mzee hapo juu amesema kweli kwenye vyeo, hoja hiyo ya HR ni dhaifu. Lakini mimi naona mnaangalia mlango mbovu na kuacha ule wenye nguvu. Hoja ya madereva ndiyo itakayowasumbua. Kifungu cha 67 cha sheria hiyohiyo kinaeleza mahakama ikitafuta kitengo kinachofaa iangalie nini: matakwa ya pande zote, historia ya majadiliano, chama kimeenea kiasi gani, maslahi ya wafanyakazi yanafanana vipi, muundo wa kampuni, kazi zinavyotegemeana, na mahali zilipo ofisi. Na juu ya hayo yote inatakiwa isaidie majadiliano yaende kwa utaratibu bila kuikatakata kampuni vipande vipande. Nyie mkisema tunataka ofisi tu, HR atauliza, karani akitoa karatasi si ndo dereva anatoka na kontena? Kazi moja inaingia kwenye nyingine. Na hapo atakuwa na pointi.

Kwa hiyo msibishane tu, hesabuni. 63 jumlisha 27 ni 90, mnahitaji 46, mna 34, mmepungukiwa 12. Sasa chukua hali mbaya kabisa, wale 19 wametolewa na madereva wameingizwa: 71, mnahitaji 36, mna 23, mmepungukiwa 13. Mmeona? Mkishinda vyeo mnatafuta madereva 12, mkishindwa mnatafuta 13. Watu 13 kati ya 27. Mngekuwa mmeshawafuata hao watu, hii barua isingekuwa na meno.

Kitu kimoja nitatofautiana na Mzee. Huyo dada wa mishahara. Sheria haimtoi, sawa, na haki yake ya kuwa chamani anayo. Ila siku ya majadiliano yeye ndo atamwandalia mkurugenzi makadirio, ataona kampuni iko tayari kufika asilimia ngapi kabla yenu. Mtamweka pabaya sana, akikaa kimya nyie mtamwona msaliti, akisema anafukuzwa kwa kuvujisha siri. Pande mbili zinaruhusiwa kupatana zenyewe kwa mkataba nani aingie na nani abaki nje, mimi ningekubali huyo abaki nje kwenye kitengo ili mpate wengine 18. Sekretari nisingemwachia, kama anachapa barua na kupokea simu tu.

Mzee wa Tawi

Dada Mbezi kwa hilo la dada wa mishahara siafiki. Leo unamtoa huyo kwa siri, kesho wa masijala naye anashika mafaili, keshokutwa wa IT anaona barua pepe za wote. Muulizeni kwanza mwenyewe anataka nini. Mtu ameweka saini yake kwa hofu yote ile halafu sisi tunamuuza kabla hata HR hajambana.

Mama Wawili Mbezi

Hapo umenigusa Mzee. Kweli, aulizwe yeye kwanza.

Mswahili wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu huku Kenya mambo haya yana orodha kabisa, ila vita ni vilevile. Kuna ile Hati ya Mahusiano ya Viwandani, serikali, waajiri na vyama walitia saini 1962, ikarudiwa 1984. Baina ya FKE, shirikisho la waajiri, na COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi, kuna makubaliano ya nani hawezi kuwakilishwa na yunioni: mkurugenzi, meneja mkuu, wakuu wa idara na manaibu wao, meneja wa tawi na naibu wake, wale wanaofunzwa kushika vyeo hivyo, masekretari binafsi wa hao wakubwa, na wenye kazi za siri kama pande mbili zitakavyokubaliana. Kwa hivyo huyo sekretari wenu angekuwa huku angetoka, na huyo wa mishahara ingekuwa ni mazungumzo. Kisha sheria yetu ya mahusiano ya kazi ya mwaka 2007 kifungu cha 54 yataka yunioni iwe na zaidi ya nusu ya wale wanaoruhusiwa kujiunga, si ya wafanyakazi wote.

Mimi nilikuwa karani wa benki, sisemi ipi. Siku moja tuliitwa chumba cha mikutano tukapawa barua kuwa sasa sote ni maafisa, mkataba wa yunioni hautuhusu tena. Kulikuwa na keki. Ovataimu ikakoma mwezi uleule, na kazi ni ileile ya kuhesabu pesa dirishani. Mahakama zetu zimeshasema kuwa jina la meneja pekee halimtoi mtu, huangaliwa afanya kazi gani na ana uwezo gani. Lakini sisi tulisaini zile barua na hakuna aliyeuliza. Nyinyi mumeuliza mapema.

Kijana wa Mwanza

Wakuu mimi naona hao madereva waachwe. Wana mambo yao ya posho ya safari na kulala njiani, wa ofisini tuna yetu, mkichanganyika ajenda ya mshahara wa ofisi itazikwa.

Karani wa Kurasini

Asanteni sana jamani, nimesoma yote mara mbili na nimewasomea wenzangu. Kijana wa Mwanza nilikuwa nawaza kama wewe mpaka leo mchana.

Leo saa saba tulienda wawili godauni, mimi na supavaiza mmoja wa wale waliotajwa. Madereva walikuwa wanakula chini ya trela, wakanyamaza tulipofika. Mmoja mtu mzima akasema "mabosi wa ofisini mmepotea njia". Nikatoa salari slipu yangu nikampa aisome. Akaisoma akampa mwenzake, ikazunguka mikono kama sita ikarudi na mafuta ya samaki. Akaniuliza, hii ndo ya meneja? Nikamwambia ndiyo. Akasema mimi na posho zangu nakuzidi. Basi tukakaa. Wao shida yao kubwa ni kukatwa hela kontena likichelewa kurudi hata kama foleni ni ya bandarini, na ile karatasi inayoonyesha saa ya kontena kutoka naiandaa mimi mezani kwangu, sikujua kama ndo wanakatiwa nayo. Nimeahidi kopi zote zitakuwepo.

Wamejaza 5, juu ya boneti. Wengine wanasubiri walioko safari ya Tunduma warudi Alhamisi. Dada wa mishahara tumemuuliza, amesema habaki nje, labda mahakama imtoe.

Fomu tulizokuwa nazo zimeisha. Zikipigwa kopi upande mmoja zinakubalika au mpaka nikachukue nyingine ofisi ya chama?