Mrejesho: sukari kushuka na ukali wa ghafla

Ahsanteni sana. Niliuliza kwa nini mdogo wangu mwenye kisukari aina ya kwanza hutetemeka na kugomba tukizunguka soko la Kongowea, na kama dafu latosha kuipandisha sukari yake.

Kumbe sukari ya damu ikishuka, jasho na kutetemeka ni adrenalini, homoni ya mshtuko. Ukali ni ubongo kukosa glukosi, yaani sukari ya damu. Usibishane naye, mpime. Chini ya 3.9 mmol/L (kipimo cha sukari ya damu): gramu 15 za sukari, yaani vijiko vinne vya chai, vikorogwe majini anywe. Dakika 15, pima tena. Bado iko chini, rudia. Dafu lina sukari, ila kiasi chake hutofautiana, usilitegemee. Mahamri yana mafuta, yachelewesha, basi ni ya baadaye. Akizimia, msimtie kitu mdomoni: glukagoni (dawa ya kupandisha sukari), hospitali mbio. Hofu ya sukari kushuka usiku, inayomfanya apunguze insulini (dawa yake ya kushusha sukari) kisirisiri, tunaipeleka kliniki.