Nimetoa tairi la spea ili gari liwe jepesi. Nani ana hoja ya kunirudisha nyuma?

Gia ya Tano
Wakuu, salaam. Gari langu ni dogo, halibebi mizigo, na muda mwingi niko peke yangu. Nimetoa tairi la spea, jeki na spana yake, vyote vimebaki stoo. Nimevipandisha kwenye mizani: kilo 17 na ushee. Gari limechangamka, na mafuta lazima yatapungua. Kuna mwenye sababu ya maana ya kuzunguka na tairi lisilogusa ardhi? Nataka hoja, sitaki hadithi za kutishana.

Nati Tano
Hadithi ya kutisha utatuletea wewe mwenyewe siku ya pancha. Tutasubiri.

Mama Usukani
Kilo 17? Punguza kitambi, tairi liache mahali pake.

Hesabu Baridi
Tuzungumze kwa namba. Wizara ya Nishati ya Marekani inawaambia wenye magari kwamba kuongeza ratili 100, yaani kama kilo 45, kunaongeza ulaji wa mafuta kwa asilimia 1 hivi. Gari dogo linahisi zaidi kuliko kubwa, sawa, lakini kilo 17 hazifikishi hata nusu ya asilimia moja. Haohao wanasema upepo wa tairi zote ukipungua psi 1 (kipimo cha upepo), unapoteza kama asilimia 0.2. Psi 2 zikikosekana, faida yako yote imekwenda. Umepima upepo lini?
Halafu lita 20 za petroli zina uzito wa karibu kilo 15. Kama wewe ni wa kujaza tangi mpaka shingoni, spea yako umeirudisha kwa mlango wa nyuma.

Gia ya Tano
Mama Usukani, hujawahi kuniona hata siku moja. Hicho kitambi umekitoa wapi?

Mama Usukani
Sijasema unacho. Nimesema kipunguzwe. Aliyeruka ni nani sasa?

Msafiri Mchovu
😂😂 Kaka, hapo ungenyamaza tu.

Gia ya Tano
Sinyamazi. Mtu akileta mada ya gari mnamjibu kwa mwili wake. Ndiyo maana jukwaa hili watu wenye akili wamehama.

Mbio Fupi
Mimi niko na Gia. Magari ya mashindano ya saketi yanatolewa kila kitu: spea, viti vya nyuma, zulia, hadi redio. Uzito ni adui. Anayebisha akaulize wanaoshindana.

Fundi wa Kivulini
Saketi ndiyo, kwa sababu ukipata pancha kuna kundi la watu wanakusubiri na tairi nne mkononi. Angalia rali. Wale wanagombania sekunde, kila gramu wanaijua, na bado wanaingia njiani na spea moja au mbili nyuma. Kazi yao asubuhi ni kubishana wabebe moja au mbili. Hakuna anayesema tubebe sifuri.

Mbio Fupi
Rali ni porini. Yeye yuko kwenye lami.

Fundi wa Kivulini
Na misumari inaota wapi?

Kioo cha Pembeni
Mnamwonea bure. Wanaotengeneza magari wenyewe wameshaacha kuweka spea. Chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilisema mwaka 2015 kwamba zaidi ya theluthi moja ya magari mapya ya mwaka ule yalikuja bila spea. Wahandisi wameona haina maana, sisi tunang'ang'ania nini?

Hesabu Baridi
Malizia hiyo habari. AAA walisema vile wakilalamika, hawakuwa wakipongeza. Na kiwanda kikitoa spea kinakupa kitu mbadala: chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme, au tairi zenye ubavu mgumu zinazoweza kwenda kama kilomita 80 bila upepo, mwendo usizidi 80 kwa saa. Kiwanda kinafaidika mara nyingi hapo, maana gharama inashuka, nafasi inapatikana, na kwenye vipimo vya moshi ile sehemu ndogo ya asilimia ikizidishwa kwa magari laki kadhaa inakuwa kitu. Wewe una gari moja. Gia, ulipotoa spea uliweka nini badala yake?

Gia ya Tano
Niliweka simu yenye chaji. Nitapiga, watakuja.

Nati Tano
Watakuja. Hilo ndilo jibu la kizazi hiki. Zamani mtu akipata pancha anashuka, dakika kumi, anaendelea na safari. Leo mtu ana leseni lakini nati ya gurudumu hajui inafunguka upande gani. Kwangu mimi asiyeweza kubadilisha tairi kwa mikono yake asipewe leseni, iwe mwanamume, iwe mwanamke, na hasa mwanamke, maana wao ndio wa kwanza kusimama pembeni na kupunga mkono.

Mama Usukani
Weka kiti, tuongee vizuri.
Najua inafunguka upande gani. Najua nati unazilegeza kabla hujapandisha jeki, wakati tairi bado limekanyaga chini. Najua jiwe linawekwa kwenye gurudumu la upande mwingine. Vyote nilivifanya, barabarani, jua la saa saba. Nati nne zikafunguka kwa tabu. Ya tano niliisimamia juu ya spana kwa miguu miwili nimeshika reli ya juu ya gari. Spana ikapinda. Nati haikujongea. Alikuja dereva wa lori, kifua kama kabati, naye akaishindwa. Haikuwa habari ya jinsia, ni huyo aliyeikaza kwa mashine ya upepo kama anafunga mlango wa benki.

Msafiri Mchovu
Hii imenikuta mimi pia. Mafundi wa tairi ndio adui wa spea. Hata ukiwa nayo huwezi kuifikia.

Nati Tano
Dada, ungeongezea bomba kwenye mkono wa spana. Bomba refu, nguvu inaongezeka. Fizikia ya darasani hiyo.

Fundi wa Kivulini
Hilo bomba ndilo linalotuletea wateja wenye bolti zilizokatika. Na kaka Nati, kwa mdomo ule wa "hasa mwanamke" ulitakiwa ulete ushauri mzuri zaidi ya bomba.
Sikilizeni. Gari nyingi ndogo nati zake zinataka Nm 100 hadi 120, ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza. Chukua spana ya urefu wa sentimita 25, mwishoni kaa na uzito wa kilo 40: umeshafika Nm 100 hivi. Mtu mzima yeyote anaweza. Sasa mashine ya upepo ikiachiwa ijilie, inavuka hapo mara mbili bila kutoa jasho. Fundi mwenye adabu anazungusha kwa mashine kidogo tu, anamalizia na spana ya kupimia.

Msafiri Mchovu
Huyo fundi mwenye adabu anaishi sayari gani?

Fundi wa Kivulini
Unaandika naye. Na niseme upande wetu pia: tukikaza kwa mkono, mteja anarudi na kelele kwamba gurudumu linacheza, tunataka kumuua. Tukikaza sana, tunatukanwa huku. Mteja huyohuyo ukimwambia atembee kidogo, kilomita 50 hivi, arudi tukague nati, hutamwona tena mpaka tairi liwe kipara.

Kioo cha Pembeni
Kwa hiyo mnakubali: spea isiyofunguka ni mzigo tu. Gia alikuwa sahihi.

Hesabu Baridi
Hapana. Hiyo ni sababu ya kurekebisha nati. Legeza nati zako ukiwa nyumbani, zikaze upya kwa spana ya gari lako, basi. Na spea ipime upepo, maana watu wengi wanaigundua imelala siku wanayoihitaji. Zile nyembamba za muda zinataka psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Zimeandikwa ubavuni, hakuna anayesoma. Tarehe nayo ipo: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni, wiki na mwaka. Ukikuta 0911 ujue hilo limetoka wiki ya tisa ya mwaka 2011, hata kama kashata zake bado zina vinyweleo.

Mbio Fupi
Hizo nyembamba ndizo za kutupa kabisa. Ukiifunga mbele kwenye gari linalovuta mbele, difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, inazunguka muda wote kwa sababu gurudumu moja ni dogo.

Fundi wa Kivulini
Kama kipenyo chake kimepishana na zingine, ndiyo. Ndiyo maana unachukua tairi zima la nyuma unalileta mbele, nyembamba inakaa nyuma. Unapandisha jeki mara mbili. Kazi, lakini difu inapona.

Mzee wa Kabureta
Vijana, spea ina heshima yake. Volkswagen Beetle za zamani zilitumia upepo wa spea kurusha maji ya kuoshea kioo. Bomba linatoka kwenye tairi mpaka kwenye chupa ya maji, na kuna vali inayofunga ili tairi lisiishe upepo. Ukitoa spea pale, kioo hakioshwi. Renault 5 nayo spea ilikaa chini ya boneti, juu ya injini.

Msafiri Mchovu
Mzee unatutania. Maji ya kioo kwa upepo wa tairi?

Mzee wa Kabureta
Nilikuwa nayo. Ukiona maji yanatoka kwa unyonge, unajua spea inataka upepo. Nyie mna taa ishirini kwenye dashibodi na bado mnalala njiani.

Gia ya Tano
Naona mada imekuwa ya kila mtu isipokuwa yangu. Nirudi. Nitaweka chupa ya gundi, sawa? Uzito wake kilo moja na kitu. Suala limekwisha.

Hesabu Baridi
Gundi inaziba tundu la msumari kwenye uso wa tairi, watengenezaji wengi wanasema mpaka milimita 6. Ubavu ukichanika haisaidii kitu. Ina tarehe ya kuisha, na fundi atakayeosha tairi baadaye atakulaani. Ila ni afadhali kuliko simu. Pampu utapata, na lile shimo kwenye buti litabaki wazi kwa kuwekea vitu.

Gia ya Tano
Shimo haliko wazi. Nimeshaweka spika ya besi, imekaa kama imezaliwa pale.

Kioo cha Pembeni
Ngoja. Spika ya kilo ngapi?

Gia ya Tano
Pamoja na boksi na kikuza sauti ni kama 20. Lakini uzito wa spika unafanya kazi, si kama tairi limelala bure.

Kioo cha Pembeni
Mimi nilikuwa nakutetea, ndugu yangu.

Nati Tano
Acheni muziki wake. Nataka Fundi anijibu: nikipaka grisi kwenye uzi wa bolti kabla ya kufunga, si nati itafunguka kirahisi siku zote?

Fundi wa Kivulini
Usipake. Vipimo vingi vya kiwanda ni vya uzi mkavu. Ukipaka, nguvu ileile ya mkono inavuta bolti zaidi, unaikaza kupita kiasi na wewe hujui. Safisha kwa brashi ya waya, inatosha.

Nati Tano
Miaka yote napaka, haijawahi kukatika.

Mzee wa Kabureta
Na mimi napaka. Kidogo tu, nchani.

Fundi wa Kivulini
Nchani ni wapi, mzee? Uzi ni uzi. Hilo la grisi fungulieni mada yake, hapa tunamharibia Gia.

Mama Usukani
Msifungue kokote, jibuni hapahapa. Ile nati ya tano bado imefungwa, na sasa imeshika kutu.